Juisi ya spinachi kila asubuhi, lakini damu haipandi. Tatizo ni nini?

#1 Mwanambagala
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nipo Dar. Mwezi wa pili nilipima wingi wa damu nikaambiwa ni 9.4. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, vikanichafua tumbo vibaya, nikaviweka kando. Jirani akanishauri nipige juisi ya spinachi, eti damu itajaa yenyewe. Tangu hapo kila asubuhi nasaga spinachi, tango, kipande cha nanasi na tangawizi, nachuja, nakunywa glasi kubwa.

Faida nimeziona: choo napata vizuri, mwili umekuwa mwepesi, na presha iliyokuwa imeanza kunipanda imetulia. Ila juzi nimerudi kupima damu, naambiwa 9.6. Yaani nipo palepale. Spinachi si ndiyo mboga yenye madini ya chuma kuliko zote? Kwa nini damu haipandi?

#2 KijanaWaUkwaju
Nafuatilia kwa karibu. Nyumbani kwangu blenda haipumziki kwa ajili ya juisi hiyohiyo.

#3 Mzee wa Matuta
Mwanambagala, tuanze na hiyo mboga yenyewe. Nimelima mboga za majani maisha yangu yote. Fungu unalonunua sokoni lina majani mapana yaliyojikunjakunja, yanayong'aa, na bua nene jeupe ambalo ukilivunja linalia "ka!". Hiyo siyo spinachi halisi. Ni ndugu wa bitiruti, wenzetu wanaiita Swiss chard, na mbegu yake tunayonunua sana ni Fordhook Giant. Unachuma majani ya nje, yale ya ndani yanaendelea kukua, unavuna miezi na miezi. Ndiyo maana wakulima tunaipenda.

Spinachi halisi ni mmea mdogo, jani laini, bua jembamba, na pale chini karibu na mzizi pana wekundu kidogo. Inataka baridi. Ukiipanda Dar kwenye joto, kabla hujavuna vizuri imeshapandisha shina na kutoa maua. Lushoto na Njombe inakubali.

Kwa hiyo unaposoma mtandaoni kwamba spinachi ina hiki na kile, wanazungumzia mmea mwingine na wewe unasaga mwingine.

#4 Chaulembo
Duh! Kwa hiyo miaka yote hii tunakula majani ya bitiruti isiyozaa bitiruti! Mzee wa Matuta umenivurugia chakula cha jioni, spinachi ipo jikoni inachemka sasa hivi.

#5 Mzee wa Matuta
Kula tu mdogo wangu, ni mboga nzuri mno. Nimesema ni tofauti, sikusema ni mbaya.

#6 AfisaLishe_Kanda
Naunga mkono alichosema mzee hapo #3, na naongeza takwimu ili tujue tunabishania nini. Mimi kazi yangu ni lishe.

Spinachi halisi mbichi gramu 100 ina madini ya chuma kama miligramu 2.7. Hii yetu ya sokoni ina kama 1.8. Mchicha unakaribia 2.3. Kwa hiyo tofauti ipo, ila siyo ya kusema hiyo ndiyo iliyomzuia dada yetu.

Sasa angalia upande wa pili. Mwanamke aliye kwenye umri wa kupata hedhi anashauriwa miligramu 18 kwa siku, mjamzito 27. Chuma cha kwenye majani hakifyonzwi kama cha kwenye nyama. Mwili unachukua sehemu ndogo tu, kingine kinapita. Kwenye glasi yako ukiweka gramu 100 za majani, chuma kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, huenda hata robo ya miligramu hakifiki. Kile kidonge ulichoacha kina takriban miligramu 60 za chuma. Hapo unaona mwenyewe mizani ilivyo.

Spinachi inasifika kwa mambo mengine ambayo inastahili sifa: vitamini K, foleti, magnesiamu, potasiamu, na zile rangi zinazosaidia macho. Kwenye chuma imepewa sifa kubwa kuliko uwezo wake.

#7 MamaTwins_Moro
Hapana, mimi sikubali kabisa. Kwangu imefanya kazi. Nilijifungua mapacha nikapoteza damu nyingi, nilikuwa naona kizunguzungu hata kumbeba mtoto shida. Mama mkwe alikuja akakaa na mimi, kila siku spinachi, bitiruti na maini, jioni uji wa ulezi wenye maziwa. Nilipokwenda kliniki damu ilikuwa 11 na ushee. Nesi mwenyewe alishangaa. Msiwakatishe watu tamaa na hesabu zenu.

#8 Kipara_Ngoto
MamaTwins hongera kwa mapacha. Lakini umetaja maini hapo katikati kama vile ni chumvi! Na vidonge vya kliniki ulikuwa unameza au hukumeza?

#9 MamaTwins_Moro
Nilikuwa nameza.

#10 Kipara_Ngoto
Basi hapo tunajuaje ni spinachi? Maini, vidonge, na zaidi ya hayo ukishajifungua mwili wenyewe unajirudisha taratibu. Sikukatai mama, mkweo alikulea vizuri sana, ila sifa zote amezibeba spinachi peke yake.

#11 Shangazi wa Tanga
Mimi nauliza swali moja tu kwa mleta mada. Ukishakunywa hiyo juisi, kifungua kinywa unakula na nini?

#12 Mwanambagala
Shikamoo shangazi. Nakunywa juisi, halafu chai ya rangi na chapati au maandazi, natoka kazini.

#13 Shangazi wa Tanga
Marahaba mwanangu. Jibu lako hilo hapo. Chai ya rangi ni adui wa chuma cha mboga. Ile hali ya chai kukausha ulimi ndiyo hiyohiyo inayokishika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Kahawa vilevile. Chai ipeleke mbali na mlo, saa moja au mawili, na kwenye juisi kamulia ndimu au limau. Uchachu wa ndimu unasaidia chuma kufyonzwa. Nimefundisha sayansi kimu hadi nastaafu, hili nililiimba darasani.

#14 Ngosha_Halisi
Shangazi yupo sahihi kuhusu ndimu, lakini mmeacha jambo kubwa kuliko chai: oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye majani. Mmeshawahi kula spinachi nyingi mkahisi meno yamekuwa na chokaa, ukipitisha ulimi ni kama yamepakwa vumbi? Hiyo ni oksaleti ikikutana na kalisi ya kwenye mate. Spinachi inaongoza, inakwenda mamia ya miligramu kwa gramu 100. Hii ya mzee mwenye matuta nayo ipo juu, na mchicha pia. Oksaleti inayafunga madini yote, ndiyo maana damu haipandi. Juisi mbichi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hakuna kuchemsha na kumwaga maji.

#15 AfisaLishe_Kanda
Ngosha_Halisi, kuna kusahihisha kidogo hapo. Oksaleti inafunga kalisi kwa nguvu, hilo halina ubishi. Kalisi ya kwenye spinachi inayofyonzwa ni kama asilimia 5, wakati ya maziwa inakaribia 30. Mtu anayetafuta kalisi ya mifupa kwenye spinachi anapoteza muda, bora sukuma wiki ambayo oksaleti yake ni ndogo sana. Lakini kwa upande wa chuma, ushahidi dhidi ya oksaleti siyo mkubwa hivyo. Vinavyokizuia chuma zaidi ni zile kemikali za uchungu zilizomo kwenye chai, kahawa na kwenye majani yenyewe, halafu na faiteti za kwenye nafaka. Tusiibebeshe oksaleti mizigo yote.

Ila kuchemsha na kumwaga maji kunapunguza oksaleti kwa kiasi kikubwa, hapo nakubaliana na wewe. Hasara yake ni kwamba foleti na vitamini C nazo zinaondoka na maji.

#16 Ngosha_Halisi
Nimekusoma mkuu, ila bado kwangu oksaleti ni mshukiwa namba moja. Mtu anasaga majani mabichi kila siku bila kupumzika!

#17 Mkaazi wa Muscat
Asalaam aleikum ndugu zangu. Kuhusu oksaleti nina la kusema, maana limeingia nyumbani kwangu. Mdogo wangu tunaishi naye huku Omani, anafanya kazi juani. Akaingiwa na hamu ya kupunguza mwili, asubuhi juisi ya spinachi na lozi, jioni hivyohivyo. Maji ya kunywa hanywi, anasema juisi inatosha. Usiku mmoja akaanza kujinyonganyonga kwa maumivu ya ubavu yanayoteremka mpaka kwenye kinena, anatapika, mkojo mwekundu. Hospitali wakakuta jiwe kwenye figo, na baadaye akaambiwa ni la kalisi na oksaleti.

Huku Ghuba mawe ya figo ni mengi kwa sababu ya joto na watu kutokunywa maji ya kutosha. Daktari hakumwambia spinachi ni haramu kwake. Alimwambia maji mengi mpaka mkojo uwe mweupe, chumvi apunguze, spinachi aile mara moja moja tena pamoja na maziwa au mtindi, ili oksaleti ikamatane na kalisi tumboni itoke na choo badala ya kwenda kukamatana kwenye figo.

#18 Chaulembo
Lozi nazo zina oksaleti?

#19 Mkaazi wa Muscat
Zinayo nyingi. Yeye alikuwa amejichanganyia zote mbili kwenye glasi moja.

#20 Dereva_Mstaarabu
Ndugu wa Muscat poleni sana. Kuna jamaa aliwahi kunionyesha habari ya mama mmoja wa Marekani aliyeharibikiwa figo kwa sababu ya juisi za kijani. Ni kweli au ni za kutunga?

#21 AfisaLishe_Kanda
Ni kweli, iliandikwa kwenye jarida la madaktari wa figo la Marekani mwaka 2018. Mama wa miaka 65, alifanya programu ya "kusafisha mwili" kwa smuthi za kijani. Lakini soma yote: alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo zamani, na alikuwa ametoka kutumia antibayotiki kwa muda mrefu. Yote mawili yanafanya oksaleti iingie mwilini kwa wingi kuliko kawaida. Mtu mwenye figo nzima na tumbo zima, glasi moja ya kawaida siyo wa kumtisha. Wa kuogopa ni mwenye ugonjwa wa figo, aliyewahi kupata mawe, au anayekunywa malita.

#22 FundiMaabara
Nimesoma tangu mwanzo na ninashangaa kidogo. Mnajadili juisi, chai na lozi, hakuna aliyemuuliza dada damu yake inakwenda wapi.

Nafanya kazi maabara. Kwanza, 9.4 na 9.6 kwangu ni namba moja. Tone la kwenye kidole likiminywa sana linachanganyika na maji ya mwilini, namba inashuka. Ukipima kwa mashine kubwa kwa damu ya kwenye mshipa unaweza kupata tofauti zaidi ya hiyo. Dada, ulipima sehemu moja mara zote mbili?

Pili, mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu, mjamzito 11. Mtu akiwa na 9 na kitu, kuna sababu. Minyoo ya safura inanyonya damu kidogokidogo kila siku bila mtu kujua. Malaria inavunja chembe za damu. Kuna seli mundu. Kuna vidonda vya tumbo vinavyovuja polepole. Kuna upungufu wa vitamini B12, ambayo kwenye spinachi haimo kabisa, hata usage shamba zima. Ukijaza ndoo iliyotoboka, tatizo lako siyo bomba.

#23 Mwanambagala
FundiMaabara asante. Hapana, nilipima sehemu mbili tofauti, na zote za kidole. Minyoo sijapima. Kuhusu damu kwenda wapi... hedhi yangu tangu nijifungue huyu wa pili imekuwa nzito mno, inatoka na mabonge, na inachelewa kuisha. Nilidhani ndivyo mwili ulivyobadilika baada ya uzazi.

#24 NesiMstaafu
Mwanangu hapo ndipo pa kushika. Hedhi yenye mabonge na inayochukua muda mrefu siyo ya kuizoea. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa njia ya uzazi wa mpango unayotumia. Nenda ukafanyiwe altrasaundi na uonane na daktari wa kina mama. Na vile vidonge rudi uwaambie vilikusumbua, usiviache kimyakimya. Wengine wanameza baada ya chakula tumbo linatulia, wengine wanapangiwa siku moja ndiyo siku moja hapana na bado damu inapanda. Choo kuwa cheusi ukivitumia ni kawaida, usiogope. Upungufu ukiwa ni wa chuma na dawa ikikubali, kwa mwezi mmoja unategemea kuona imepanda gramu moja au zaidi.

#25 Shangazi wa Tanga
Nesi umesema vizuri, ila chai nayo aiache. Mimi hapo sibanduki.

#26 Bwana Katuni
Kwani sifa ya chuma ya spinachi ilitoka wapi? Nilisoma kwamba ni kosa la nukta. Mwanasayansi wa Ujerumani karne ya 19 aliandika 35 badala ya 3.5, dunia nzima ikaamini, mpaka wakatutengenezea baharia Popeye anayekula kopo la spinachi mikono inavimba.

#27 Maktaba_Hai
Hadithi tamu, ila hiyo ya nukta nayo imepingwa. Mike Sutton, mtaalamu wa masuala ya uhalifu wa Uingereza, aliifuatilia akaandika mwaka 2010 kwamba hakupata uthibitisho wa nukta hiyo kukosewa. Wengine wanaeleza kwamba zamani walipima spinachi iliyokaushwa. Mboga hii mbichi ni maji zaidi ya asilimia 90, ukiikausha kila kitu kinaonekana kimejaa. Mtu akichukua namba ya kavu akaipachika kwenye mbichi, tayari amezidisha mara kumi. Na Popeye alianza kuchorwa mwaka 1929, kwenye zile katuni spinachi ilisifiwa pia kwa vitamini A. Na vitamini A inayo kweli.

#28 Bwana Katuni
Kwa hiyo nukta si ya kweli na mikono kuvimba si ya kweli. Mmeniharibia utoto wangu wote usiku mmoja.

#29 Bi Mkubwa wa Pemba
Watoto mna maneno. Mimi nataka kuuliza, kwa nini mboga mnaisaga mbichi na maji matupu? Rangi ya mboga, hiyo vitamini A mnayoisema, inataka mafuta ndipo mwili uipate. Sisi mchicha tunautia tui la nazi. Kuna wanaotia karanga. Wazee hawakusoma kemia lakini sufuria yao ilikuwa na akili. Chemsha kidogo, mwaga maji ya kwanza kama una wasiwasi na hayo mawe, tia tui zito mwisho, usiliache likachemka sana likakatika. Kula na samaki. Hapo pana chuma cha samaki, pana mafuta, na ndimu juu yake.

#30 Mama_Smuthi
Bi Mkubwa shikamoo, mafuta nakubali mia kwa mia. Lakini kusaga mbichi nako kuna faida yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping kule Uswidi waliangalia luteini, ile inayosaidia macho, wakaona kadiri spinachi inavyopikwa muda mrefu ndivyo inavyopungua. Wakasema njia nzuri ni kuisaga mbichi na kuichanganya na maziwa au mtindi wenye mafuta. Mimi natia parachichi nusu. Inakuwa nzito, inashibisha, na ule ukakasi wa majani unapotea.

Na Mwanambagala, kwa nini unachuja? Yale makapi unayoyatupa ndiyo yenye nyuzinyuzi, na rangi nyingi inabaki humo. Saga vizuri, unywe yote.

#31 Mwanambagala
Nachuja kwa sababu povu lile la kijani linanikaa kooni, na vinyuzi vya bua vinaninyima raha.

#32 Mama_Smuthi
Toa bua jeupe lote, lipike na nyanya, ni tamu sana. Saga jani peke yake, na maji yawe ya baridi. Anza na majani na maji kwanza mpaka yalainike, ndipo matunda yafuate. Povu litulie kidogo, lakini usiache mpaka jioni, vitamini C inapotea.

#33 Kamanda wa Sukari
Nanasi, tende, ndizi, asali... Wenye kisukari tuangalie. Nilikuwa nakunywa "juisi ya kijani" ya kununua, tamu kama nini, sukari ikawa haishuki. Nilipouliza vilivyomo, ni juisi ya matunda iliyopakwa rangi kwa jani moja. Sasa naweka spinachi, tango, tangawizi na ndimu, basi. Tunda nalitafuna.

#34 Mtoto wa Kariakoo
Mleta mada amesema presha imetulia, na hapo hakuna aliyemjibu. Spinachi ina naitreti nyingi. Bakteria wa kwenye ulimi wanaibadilisha, halafu mwili unatengeneza gesi ya kulegeza mishipa, presha inashuka kidogo. Bitiruti ni hivyohivyo. Ndiyo maana wanasema anayesukutua kila saa na dawa kali za kuua bakteria mdomoni anajipunguzia faida hiyo.

#35 Kipara_Ngoto
Au ni potasiamu. Spinachi ina zaidi ya miligramu 500 kwa gramu 100, na potasiamu inasaidia mwili kutoa chumvi. Au dada ameacha soseji za asubuhi tangu aanze juisi! Vitu vitatu vinabadilika kwa pamoja, halafu tunamchagua mmoja tunampa kombe.

#36 Mtoto wa Kariakoo
Kipara wewe kila kitu unakivua nguo. Naitreti imepimwa, siyo hadithi za vijiweni.

#37 Kipara_Ngoto
Imepimwa kwa watu waliopimwa. Huyu dada hatujampima.

#38 Mwana wa Bukoba
Samahani nawakatiza. Mama yangu ana vali ya bandia ya moyo na anatumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande. Tuliambiwa habari ya mboga za majani lakini sikuelewa vizuri. Aache kabisa?

#39 NesiMstaafu
Mwanangu, asiache na asikurupuke. Warfarini inafanya kazi kwa kupingana na vitamini K, na majani ya kijani yanayo nyingi kweli. Spinachi gramu 100 ina karibu mikrogramu 480, wakati mwanamke anahitaji kama 90 kwa siku. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kipimo chake cha kuganda kwa damu kifuatwe. Hatari ni mtu ambaye hakuwa anakula, ghafla anaanza malita ya juisi ya kijani. Dawa inazidiwa, damu inaganda kwenye vali. Akitaka kubadilisha chochote, aanzie kwa daktari wake. Na wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, hiyo potasiamu ya hapo juu kwao ni hatari, nao waulize kwanza.

#40 Mwana wa Bukoba
Ubarikiwe sana mama. Nampigia sasa hivi.

#41 Mtetezi wa Mito
Kuna jambo mnalipita. Mboga mbichi inaoshwa na nini, na ilimwagiliwa maji gani? Sisi wa Dar tunayaona mabustani ya Bonde la Msimbazi na maji yanayopita pale. Bakteria wanakufa kwa moto, na juisi haina moto. Marekani mwaka 2006 spinachi mbichi ya mifuko kutoka California ilikuwa na bakteria wa E. coli. Watu karibu 200 waliugua, 3 wakafa. Na kwao kuna ukaguzi. Metali nzito ndizo mbaya zaidi, hata moto haziusikii.

#42 Njeri wa Ruaka
Huku Nairobi ni hadithi hiyohiyo. Spinachi na sukuma zinakatwa na mama mboga pale kibandani, ukifika nyumbani huwezi kuziosha tena vizuri. Mimi hununua majani mazima, nikayaosha moja moja chini ya mfereji, upande wa nyuma ndio wenye mchanga. Na kwa juisi natumia niliyopanda kwenye magunia uani.

#43 Mzee wa Matuta
Njeri umefanya la maana. Na mimi niongeze la madawa, maana hili linaniuma. Kila dawa ya wadudu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo. Kuna mkulima anapiga dawa leo jioni, kesho alfajiri mteja wa jumla amefika na pesa mkononi, mboga inakatwa. Mboga ya majani haina ganda la kumenya. Mkipata mkulima mnayemjua, mshikeni. Ukiona jani lina vitundu viwili vitatu vya wadudu usilikimbie.

Anayetaka kupanda kwenye gunia: udongo, samadi iliyooza vizuri, mchanga kidogo, mawe katikati ya kupitishia maji. Spinachi yetu hii ya bua jeupe inakubali, ipate jua la asubuhi, mchana kivuli kidogo.

#44 Dereva_Mstaarabu
Na kiporo cha spinachi? Mama yangu anasema ukiipasha moto inakuwa sumu.

#45 AfisaLishe_Kanda
Siyo kupasha. Ni kuiacha juu ya meza usiku kucha kwenye joto. Bakteria wanaigeuza ile naitreti kuwa naitraiti, na hiyo ndiyo yenye madhara. Ikipoa iweke kwenye friji, kesho pasha mara moja, kula. Kwa vichanga ndiyo nakataza: chini ya miezi 6 asipewe kabisa, na akishaanza kula apewe iliyopikwa muda huohuo, siyo kiporo na siyo juisi.

#46 Mwanambagala
Wakuu nimerudi na mrejesho mfupi. Nimepima damu ya kwenye mshipa, imesoma 9.1. Kipimo cha choo: minyoo ya safura ipo, nimepewa dawa. Altrasaundi nimepangiwa wiki ijayo. Vidonge nimeanza tena, nameza usiku baada ya chakula, tumbo mpaka sasa linavumilia. Chai nimeisogeza saa nne kazini. Juisi naendelea nayo, bila bua, na ndimu.

#47 FundiMaabara
Safura! Nilisema.

#48 NesiMstaafu
Subiri altrasaundi kwanza. Safura na hedhi nzito vinaweza kukaa nyumba moja.

#49 Shangazi wa Tanga
Na chai ilikuwa mlangoni inawafungulia. Mwanangu hongera kwa kuisogeza.

#50 Ngosha_Halisi
Lakini sasa damu ikipanda tutajuaje ni nini kimepandisha? Ameanza dawa ya minyoo, vidonge, ndimu, na chai ameisogeza, vyote kwa pamoja.

#51 Kipara_Ngoto
Ngosha karibu upande wangu.

#52 MamaTwins_Moro
Ikipanda mimi nitasema ni spinachi. Dada tunakuombea, usiache kutupa majibu ya altrasaundi.

#53 KijanaWaUkwaju
Na unga wa mlonge je? Nao wanasema unaongeza damu kuliko spinachi.

#54 AfisaLishe_Kanda
Mkuu, mlonge ufungulie uzi wake. Nitakuja, na nahisi Kipara atafika kabla yangu.